JUA SHERIA: Mmoja Anataka Talaka, Mwenzake Hataki

Tumepata barua kutoka kwa mama mmoja wa kijijini. Ameiandika kwa mkono wake mwenyewe, kwa penseli, kurasa 3. Ameomba tusitaje jina lake wala kijiji chake. Tumemkubalia.

Mama huyu ameolewa kwa ndoa ya kimila. Ameishi na mume wake miaka 14. Wamezaa watoto 3, na mdogo ana miaka 5. Wana nyumba ya matofali yenye bati, shamba la mahindi na alizeti, na ng'ombe 4. Anasema mume wake humpiga. Mwaka jana alimvunja mkono. Mama alikwenda kwenye Baraza la Kata. Baraza liliwaita wote wawili mara tatu, likashindwa kuwapatanisha. Likampa karatasi. Karatasi hiyo ina tarehe 10 Machi.

Tangu siku hiyo karatasi iko sandukuni. Mama hajaenda mahakamani. Mume wake amemwambia, "Mimi sijakuacha. Ukiondoka, utaondoka na kanga zako tu." Wazee wa ukoo wamemwambia kwamba hawezi kupewa talaka mpaka baba yake arudishe ng'ombe wa mahari. Na bwana mmoja mjini, anayejiita mwanasheria, anataka shilingi 200,000 ili amwandikie madai. Mama anauliza, "Je, mwanamke anaweza kupata talaka kama mume hataki?"

Jibu ni ndiyo. Hata mwanamume anaweza, kama mke hataki. Lakini mama, kabla ya yote, tazama tarehe ya karatasi yako. Sheria inasema cheti cha Baraza kisiwe kimepita miezi 6 siku unapofungua shauri. Hesabu kwa vidole. Kutoka 10 Machi hadi 10 Aprili ni mwezi 1. Mei ni miezi 2, Juni 3, Julai 4, Agosti 5. Tarehe 10 Septemba ni mwezi wa 6. Usisubiri siku hiyo ya mwisho, maana unaweza kukuta mto umejaa au karani hayupo. Karatasi ikipitwa na muda, utarudi Barazani kuanza upya.

Sasa tueleze mambo yote kwa utaratibu. Sheria tunayoisema ni Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Inatumika Tanzania Bara. Zanzibar wana sheria zao na Mahakama za Kadhi. Huku Bara sheria hii ni ya ndoa zote: ya kimila, ya Kikristo, ya Kiislamu na ya serikali.

Kwa sheria hiyo, mtu anayetaka talaka hupita kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Katika kata nyingi kazi hiyo hufanywa na Baraza la Kata. Yapo pia mabaraza ya dini, kama ya BAKWATA na ya makanisa. Kazi ya Baraza ni kupatanisha. Baraza halivunji ndoa, wala haligawi mali. Linaweza kutoa mapendekezo tu. Likishindwa, hutoa cheti kinachoitwa Fomu Namba 3.

Wengi huteleza hapa. Wengine hupewa barua tu, imeandikwa, "Tumewashindwa hawa, waende mbele." Barua ya namna hiyo huleta taabu. Zipo kesi zilizofika hadi Mahakama ya Rufani, na huko zikafutwa kwa sababu cheti cha Baraza kilikuwa na kasoro. Watu wamehangaika miaka, wamegawana mali, kisha wanaambiwa shauri halikuwa halali tangu mwanzo! Kwa hiyo soma karatasi yako kabla ya kuondoka Barazani. Je, ni Fomu Namba 3? Je, ina majina ya wote wawili? Je, inasema wazi kwamba Baraza limeshindwa kuwapatanisha? Je, ina tarehe, saini na mhuri? Kama kimoja kinakosekana, omba kirekebishwe papo hapo. Hii ndiyo faida ya kujua kusoma. Usione haya kumrudishia mwenyekiti karatasi yake.

Je, mume akikataa kuitikia wito wa Baraza? Hawezi kuzuia shauri kwa njia hiyo. Sheria inasema kama mmoja ameitwa na amekataa makusudi kufika, mwenzake anaweza kwenda mahakamani. Ni vivyo hivyo kama mwenzako amekutoroka na hujui aliko, au amefungwa miaka 5 au zaidi. Tena, ndoa ambayo haijatimiza miaka 2 haivunjwi kwa talaka, isipokuwa Mahakama itoe ruhusa kwa sababu ya shida kubwa.

Baada ya Baraza ni Mahakama. Mahakama ya Mwanzo ina uwezo wa kusikiliza shauri la talaka. Iko karibu, na shughuli zake ni kwa Kiswahili. Anayefungua shauri huitwa mdai. Mwenzake huitwa mdaiwa. Mdaiwa hupelekewa hati ya wito. Akiipata na asifike bila sababu, hakimu anaweza kusikiliza upande mmoja na kuamua.

Lakini mara nyingi mdaiwa hufika. Husimama na kusema, "Mheshimiwa, mimi mke wangu nampenda. Ndoa yetu ni nzima." Hapo ndipo shauri la kupingwa linapoanza.

Hakimu hatauliza nani anampenda nani. Hatauliza pia kama mahari imerudi. Swali lake ni moja: je, ndoa hii imevunjika kiasi kwamba haiwezi kurekebishwa? Anayetaka talaka ndiye anayepaswa kuonyesha kwamba imevunjika. Sheria imetaja mambo yanayoweza kuonyesha hivyo. Mojawapo ni ukatili, wa kumpiga mtu au wa kumtesa moyo, kwa mwenzake au kwa watoto. Mengine ni uzinzi, kumtelekeza mwenzako, kumhama kwa miaka 3 au zaidi, na kifungo kirefu. Kumpiga mke au mume si haki ya mtu yeyote. Sheria hiyo hiyo ya 1971 imelikataza jambo hilo wazi, ingawa bado tunasikia watu wakilisifu vilabuni.

Lakini jambo moja lifahamike. Mtu hawezi kubomoa nyumba yake mwenyewe, kisha akaja mahakamani kuomba talaka kwa ubaya wake yeye peke yake. Mahakama humkatalia, isipokuwa iwepo sababu maalumu.

Kwa waliofunga ndoa ya Kiislamu kuna neno la kuongeza. Wao pia hupita Barazani. Baraza likiisha kushindwa, na baadaye mmoja wao akafanya jambo linalovunja ndoa kwa sheria ya Kiislamu, kama mume kutoa talaka, Mahakama ikithibitisha hayo hutoa amri ya talaka. Kwa hiyo talaka iliyoandikwa kwenye kipande cha daftari bado inahitaji kufika mahakamani.

Mama, utathibitishaje? Machozi ni yako, na hakimu atayaona. Lakini hakimu anaandika yale yanayosemwa na yale yanayoonyeshwa. Ulipovunjika mkono ulikwenda zahanati? Kama polisi walikupa PF3, itafute. Kama huna, nenda kituo ulikotibiwa uulize kumbukumbu zao. Vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na mtu anayepigwa leo asingojee shauri la talaka ndipo aende huko. Jirani aliyesikia kelele usiku ule ni shahidi. Balozi aliyewasuluhisha ni shahidi. Shahidi mmoja aliyeona kwa macho yake ni bora kuliko mashangazi kumi waliosimuliwa.

Mume naye atakuwa na zamu yake. Atakuuliza maswali mbele ya hakimu, nawe utamwuliza yeye. Jibu unaloulizwa tu. Ukitukanwa, usirudishe tusi.

Tuje kwenye mali, maana kanga zile zimetukera. Ukisikia mtu anasema mke huondoka na kanga tu, ujue hasemi sheria. Mahakama inapotoa talaka ina uwezo wa kugawa mali ambayo mke na mume wamechuma pamoja wakati wa ndoa. Hutazama mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi. Hutazama madeni waliyoingia kwa faida yao wote. Hutazama mahitaji ya watoto wadogo, na pia desturi za jamii yao. Baada ya kutazama hayo, sheria inaitaka ielekee kwenye usawa.

Zamani wanaume wengi walisema, "Yeye alikuwa anapika tu. Mchango wake uko wapi?" Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ililijibu swali hilo, katika kesi ambayo wanasheria huiita kesi ya Bi Hawa. Mahakama ilisema kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali. Kupika, kuteka maji na kulea watoto vinahesabiwa. Lakini tuseme kweli yote. Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu, kwa kuwa Mahakama iliona kwamba alikwisha kupewa fedha na mume wake wakati wa ndoa, akazitumia ovyo. Kwa hiyo hesabu huangaliwa pande zote mbili.

Wewe mama ulilima lile shamba. Andika mwaka mliolisafisha, nani walikuwapo, na mliuza magunia mangapi. Kama una stakabadhi za bati au za chama cha ushirika, zitunze. Ikiwa shamba au nyumba ilikuwa ya mume kabla hajakuoa, kwa kawaida hubaki yake. Lakini kama wewe, au ninyi wawili kwa pamoja, mliiboresha kwa kiasi kikubwa wakati wa ndoa, nayo huingia katika hesabu. Na mume haruhusiwi kuuza au kuweka rehani nyumba mnayoishi bila ridhaa yako. Ukisikia wanunuzi wanapita kuitazama, nenda mahakamani mapema uombe amri ya kuzuia.

Kuhusu watoto, jambo kubwa ni ustawi wa mtoto mwenyewe. Sheria huanza kwa kudhani kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 ni vizuri akae na mama yake. Hayo ni madhanio tu. Baba anaweza kuonyesha kwamba sivyo. Kwa watoto wakubwa, hakimu hutazama matakwa ya wazazi, na hata ya mtoto kama ana akili ya kusema lake. Hutazama pia kama si vibaya kumhamisha mtoto alikozoea. Na watoto wakikaa na mama, wajibu wa baba wa kuwatunza haufi.

Sasa kuhusu yule bwana wa mjini na shilingi 200,000 zake. Mama, usimpe. Kwanza mwulize kitambulisho chake cha uwakili. Wapo vishoka wengi wanaokaa karibu na mahakama wakiwa na kalamu na maneno matamu. Mwaka 2017 ilitungwa Sheria ya Msaada wa Kisheria. Kwa sheria hiyo wapo wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa, na wengi wao wanaishi huku huku vijijini. Hao si mawakili, na hawawezi kukusemea mahakamani. Lakini hueleza sheria, huonyesha njia, na husaidia kujaza fomu, bila malipo. Nenda ofisi ya halmashauri ya wilaya, umwulize Afisa Maendeleo ya Jamii au Afisa Ustawi wa Jamii. Watakuelekeza kwa wasaidizi hao.

Kama shauri lina uzito, kwa mfano mali nyingi au rufaa, unaweza kuhitaji wakili. Yapo mashirika yanayowasaidia wasio na uwezo, kama Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania, TAWLA, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Hayasaidii kila mtu. Huuliza kwanza hali yako na shauri lako. Tangu mwaka 2021 wakili anaruhusiwa kuingia hata Mahakama ya Mwanzo, ikiwa anayesikiliza ni hakimu mkazi. Lakini wake kwa waume wengi wamesimama katika Mahakama ya Mwanzo bila wakili, wakashinda.

Ukishindwa, au ukipewa talaka lakini hukuridhika na mgawo wa mali, una haki ya kukata rufaa. Siku za rufaa zina hesabu yake. Kabla hujatoka mahakamani siku ya hukumu, mwulize karani ni siku ngapi, kisha uombe nakala ya hukumu kwa maandishi.

Mama uliyetuandikia, itoe karatasi ile sandukuni leo. Itazame kama ni Fomu Namba 3, na kama ina mhuri. Iweke pamoja na karatasi za zahanati na stakabadhi zako. Ukipata wasaa, toa nakala za zote. Wiki hii nenda Mahakama ya Mwanzo asubuhi. Mwambie karani, "Nimekuja kufungua shauri la talaka. Cheti cha Baraza hiki hapa." Uliza ada ni kiasi gani. Kama huna uwezo, uliza namna ya kuomba msamaha wa ada. Ukilipa, usiondoke bila stakabadhi, na usiondoke bila namba ya shauri lako. Iandike kwa mkono wako mwenyewe.