Dawa ya Filamu Isiyofia Chupani



Ndugu msomaji, juma lililopita alinijia bimkubwa mmoja baada ya darsa na suala ambalo halikuwa la twahara wala la mirathi. Mjukuu wake amerithi kamera ya marehemu babuye, ile ya kutia filamu, naye ameanza kuwapiga picha watu wa nyumbani kwa filamu nyeusi na nyeupe. Bimkubwa hapendi filamu hizo zipelekwe dukani, kwani mna picha za mabinti wakiwa ndani bila ya buibui, nayo ni sitara ya nyumba. Kijana amemwambia kuwa filamu yaweza kusafishwa nyumbani. Basi akaniuliza, akijua kuwa nami nina mapenzi ya zamani na kazi hiyo: "Sheikh, anunue dawa gani? Yeye husafisha filamu moja kila miezi miwili, nami sitaki kila mara tuwe twamwaga dawa iliyoharibika."

Hukumu ya picha wanazuoni wameijadili kwa urefu, na si maudhui yetu leo. Suala la bimkubwa limegusa mambo mawili mengine: kuepuka israfu, na kuitunza amana. Yote mawili yamo ndani ya chupa hiyo moja.

Dawa inayoibua picha juu ya filamu mafundi huiita divelopa. Adui yake mkubwa ni hewa. Kila chupa inapofunguliwa, hewa huingia na kuila nguvu yake kidogo kidogo, na joto la pwani yetu huharakisha kazi hiyo. Chupa iliyojaa hadi shingoni hudumu; iliyobaki nusu, nusu yake ya juu ni hewa, nayo hufa upesi.

Hili sikulisoma kitabuni tu. Miaka kadhaa iliyopita nilimpiga mama yangu mzazi picha 36, ameketi barazani na tasbihi yake mkononi. Kabatini nilikuwa na divelopa ya unga niliyoichanganya miezi mingi nyuma, imebaki nusu chupa. Rangi yake haikuwa imebadilika, nikaiamini. Filamu ilitoka nyeupe, yapenya mwanga kama kioo, hata zile nambari ndogo za pembeni hazikuonekana. Hapo nikajua kuwa kamera haina kosa, kwani nambari hizo huchapwa kiwandani, na zikikosekana, dawa ndiyo iliyokufa. Nilijiambia nitampiga tena baada ya Idi. Idi ilipofika, mama alikuwa ametangulia mbele ya haki. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, tusiangalie bei ya dawa peke yake. Tujiulize kwanza: nyumba hii husafisha filamu ngapi kwa mwaka?

Mwenye kusafisha filamu nyingi kila juma, dawa ya unga yamfaa. Mashuhuri kuliko zote ni D-76 ya Kodak, iliyotoka mwaka 1927, na ID-11 ya Ilford ni mfano wake. Huleta picha laini na nzuri. Lakini ikishachanganywa na maji, chupa iliyojaa na kufungwa barabara hudumu kama miezi 6, na iliyobaki nusu ni kama miezi 2 tu. Kijana wetu, mwenye filamu 6 kwa mwaka, angemwaga sehemu kubwa yake. Ipo pia Xtol, dawa njema, lakini huweza kufa ghafla bila ya kubadilika rangi.

Mwenye filamu chache yamfaa dawa ya maji mazito, ambayo huchotwa kidogo kila mara na kuzimuliwa siku hiyo hiyo. HC-110 ya Kodak ilisifika kwa kudumu miaka mingi ilipokuwa nzito kama asali; ya siku hizi ni nyepesi zaidi, basi sifa ya ile ya kale isichukuliwe kuwa ni yake.

Mimi nimemshauri bimkubwa anunue Rodinal, ambayo kampuni ya Agfa ya Ujerumani iliitoa mwaka 1891 na mpaka leo yatengenezwa. Yaweza kugeuka rangi ikawa kama kahawa na bado ikafanya kazi. Kwa filamu moja huchotwa mililita 6 tu ndani ya maji mililita 300, na baada ya kazi mchanganyiko huo humwagwa. Chupa ya mililita 500 yatosha filamu 80 na zaidi. Aibu yake ni moja: huonyesha chembechembe katika picha, hasa kwa filamu kali. Basi kijana atumie filamu ya polepole, kama FP4 Plus, na asafishe kwa dakika 15 maji yakiwa nyuzi 20. Maji ya mfereji wetu hayafiki ubaridi huo, kwa hivyo mkebe na dawa viwekwe ndani ya karai la maji yenye barafu, na kipimajoto kiwepo.

Hata dawa inayodumu hujaribiwa. Kabla ya kila filamu, kata kipande cha ule ulimi wa filamu uliokwisha kuona jua, ukitie ndani ya dawa iliyozimuliwa. Kikiwa cheusi baada ya dakika chache, dawa ni hai. Kikibaki kama kilivyokuwa, imwage. Laiti ningalifanya hivyo siku ile.

Mwisho, usalama. Rodinal ina magadi makali yanayochoma ngozi na macho, vaeni glavu. Igawe katika chupa ndogo za kioo zilizojaa, andika jina na tarehe, uzifungie mbali na watoto. Usiitie kamwe katika chupa ya soda wala ya maji ya kunywa, na vyombo vyake visirudi jikoni. Dawa ya pili, fiksa, tutaizungumza juma lijalo inshaallah.

Sura za wazee wetu tumeazimwa kwa muda tu. Anayetaka kuzihifadhi, na aanze kwa kuikagua dawa yake kabla ya kuitumainia.

Wabillahi tawfiq.