Eliya Hakukemewa



Leo sitazunguka. Kuna fundisho limeingia makanisani mwetu, kutoka hapa Malili hadi Sultan Hamud, hadi Kitui, na nataka tulipinge hadharani kama linavyohubiriwa hadharani. Linasema hivi: mtu aliyeokoka na kujazwa Roho hawezi kuvunjika moyo. Akivunjika, basi ana dhambi ya siri, au ana pepo, au hajatoa sadaka ya kutosha.

Ni uongo. Na uongo huu unaua watu.

Fungua 1 Wafalme 19, uisome polepole. Eliya ametoka Karmeli. Moto umeshuka. Mvua imerudi baada ya miaka mitatu na nusu ya ukame. Kama kuna mtu aliyekuwa na "upako", ni yeye. Kisha Yezebeli anatuma ujumbe mmoja tu wa kumtisha, na huyu jemadari wa maombi anakimbia mpaka Beer-sheba, anamwacha mtumishi wake huko, anaingia jangwani peke yake mwendo wa siku nzima, anaketi chini ya mretemu na kumwomba Mungu afe.

Sasa niambie, Mungu alimfanya nini? Alimtuma malaika amkemee? Alimwuliza kama amelipa zaka? Malaika alimgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akanywa, AKALALA TENA. Hakuna aliyemwita mvivu. Malaika akaja mara ya pili na chakula kingine, akakiri kwamba safari iliyo mbele ni kubwa kuliko nguvu za Eliya. Fikiria hilo. Malaika wa Bwana anakubali kwamba mtu wa Mungu amezidiwa.

Mahubiri yalikuja baadaye, kule Horebu, baada ya siku arobaini, tena kwa sauti ya upole. Na hata huko Mungu hakumwachia neno peke yake. Alimwambia kuna watu 7,000 ambao hawajampigia Baali goti, akampa na Elisha wa kutembea naye. Usingizi, chakula, rafiki, kazi ya kufanya. Hiyo ndiyo huduma ya Mungu kwa mtu aliyekata tamaa. Sisi tumeigeuza kuwa kelele na maikrofoni.

Watu wa huku tunaijua ahadi inayochelewa. Mwaka wa 2009 Serikali ilinunua ekari 5,000 hapa Malili kwa ajili ya mji wa teknolojia wa Konza. Januari 2013 Rais Kibaki akaja kuuzindua. Kijana aliyemaliza kidato cha nne mwaka ule sasa ni mtu mzima mwenye familia, na wengi wao wanayaona majengo yale wakiwa juu ya pikipiki ya bodaboda, wakisubiri abiria. Sisemi mradi haujafanya kitu. Nasema kungoja kunachosha. Kisha kuanzia mwisho wa 2020 mvua ikakosekana msimu baada ya msimu, mitano mfululizo. Mama alipanda ndengu na kunde, akapoteza mbegu; akakopa, akapanda tena, akapoteza tena. Mifugo ikaisha. Karo ikadaiwa.

Mtu kama huyo akikuambia moyo wake ni mgonjwa, Mithali 13:12 inamwunga mkono. Biblia inakubali kwamba tumaini likicheleweshwa sana, moyo huugua. Inauita ugonjwa. Haiuiti pepo.

Lakini mama huyu anaenda kwenye mkutano wa hema, na mhubiri anamwambia shida yake ni kwamba hajapanda mbegu. Mbegu gani tena? Amepanda misimu mitano! Anatakiwa atume pesa kwa simu, "avunje roho ya ukame." Anakopa kwenye simu hiyo hiyo, anatuma. Mwezi unaisha, mvua haijanyesha, deni limeongezeka, na sasa ana mzigo mpya kuliko wote: anaamini Mungu mwenyewe amemkataa, kwa sababu alitoa na hakujibiwa. Mhubiri amechukua huzuni ya kawaida ya mtu aliyepoteza shamba, akaigeuza kuwa kukata tamaa kwa mtu aliyempoteza Mungu. Atajibu nini siku ile?

Najua kuna atakayeniandikia: "Mchungaji, Paulo ametuagiza tufurahi siku zote." Ndiyo, Wafilipi 4. Soma basi na sura ya 2 ya barua hiyo hiyo. Paulo anaeleza jinsi Epafrodito alivyougua karibu na kufa, na jinsi Mungu alivyomhurumia ili Paulo asipate huzuni juu ya huzuni. Huyo ndiye mwalimu wa furaha: amefungwa minyororo, tayari ana huzuni, anaogopa nyingine. Kwa Wakorintho anakiri wazi kwamba kule Asia walilemewa hata wakakata tamaa ya kuishi. Yeremia aliilaani siku aliyozaliwa. Ayubu vilevile. Zaburi ya 88 inaisha gizani, bila "lakini" yoyote, na bado Mungu ameiacha ndani ya Kitabu chake. Na Bwana wetu kule Gethsemane aliwaambia wanafunzi kwamba nafsi yake ina huzuni kiasi cha kufa, akawaomba wakeshe naye. Aliomba watu wakae karibu. Kama Yesu aliomba hivyo, wewe ni nani hata uone aibu?

(Na wao walilala. Kanisa lina historia ndefu ya kulala wakati kama huo.)

Kuna jambo jingine linaloniuma. Mpaka Januari 2025, Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilimhesabu mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, na angeweza kufungwa hadi miaka miwili. Mtu anatolewa kaburini kwa neema ya Mungu, anaamkia pingu. Mahakama Kuu ikaamua kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Mahakama imeona kwamba mtu huyu anahitaji matibabu, na wengine wetu tunaoshika Biblia bado tunaikataza familia yake isiimbe kaburini! Mjane amesimama pale na watoto, na wazee wa kanisa wako kando ya barabara wakibishana kama wataingia bomani. Warumi 8 inaorodhesha vitu visivyoweza kututenga na upendo wa Kristo, na kifo kimetajwa. Hukumu ya mtu tumwachie Bwana anayejua alichobeba. Yetu ni kuwashika waliobaki.

Na tusidhani mafundisho mabaya ni mambo ya maneno tu. Kuanzia Aprili 2023, pale Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, watoto wakiwemo. Kanisa linapomfundisha mtu asisikilize njaa ya mwili wake wala uchungu wa moyo wake, njia hiyo ina mwisho.

Sasa nisikilize wewe unayesoma hii usiku ukiwa umefunika simu na blanketi. Sikuambii huzuni yako ni kitu kidogo. Lakini ile sauti inayosema Mungu amemaliza na wewe, watoto wataishi vizuri bila wewe, hakuna tena asubuhi: hiyo usikubaliane nayo. Ni mwongo. Mwana wa Mungu alilala kaburini na jiwe likawekwa, na siku ya tatu akatoka, na hiyo si mithali wala mfano wa kututia moyo. Ilitokea. Kwa hiyo hakuna mahali pa giza ambapo yeye hajafika kabla yako. Huna nguvu ya kuomba? Usiombe maneno. Warumi 8 inasema Roho anaugua kwa ajili yetu pale maneno yanapokwisha. Lala. Kula, hata kama ni muthokoi wa jana. Halafu umwambie mtu mmoja.

Petro na Yuda wote walimwangusha Bwana usiku ule ule. Yuda alikwenda peke yake. Petro alilia, lakini Jumapili tunamkuta yuko na wenzake, na baadaye wako pamoja kwenye mashua, na hapo ndipo Yesu akamkuta na samaki juu ya makaa. Makaa tena, kama ya Eliya.

Sisi Wakamba tuna mwethya. Hakuna anayechimba mitaro ya fanya juu peke yake, wala kujenga bwawa la mchanga peke yake. Mzee akiugua, shamba lake linalimwa. Kwa nini basi moyo ndio shamba pekee tunalomwachia mtu alime mwenyewe? Kuanzia wiki hii, kila kikundi cha nyumbani kitaje waliopotea ibadani majuma matatu. Waendewe. Msiende na hotuba. Nendeni na unga, mkae, mnyamaze. Anayehitaji daktari apelekwe hospitali ya rufaa ya kaunti pale Wote, na tumchangie nauli. Luka alikuwa tabibu na hakuna mtume aliyemwambia aache.

Na kama ni usiku huu, na unaona huwezi kufika asubuhi, amsha jirani sasa hivi. Au piga 1199, Msalaba Mwekundu wa Kenya, simu hiyo hailipishwi. Kisha niandikie. Ukiandika neno moja tu, "Mchungaji", nitaelewa, na nitakupigia.