Juu ya nini tunapenda hadithi za dunia mbaya?



Kuna neno linalosemwa mara nyingi: vijana wa siku hizi wanapenda kusoma mambo ya kuogopesha tu. Ni hadithi za inchi ya kesho, ambamo mkubwa mumoja anatawala yote, mutu anachungwa mpaka ndani ya nyumba yake, na watoto wanatumwa kuuana. Wazazi wanatuuliza: “Ninyi watoto wa Goma, hamujashiba mabaya? Mbona munayatafuta tena katika vitabu?” Ulizo hili ni la haki, na linafaa kujibiwa.

Wengine wanasema ni kupitisha wakati tu. Mimi sikubali. Tunazipenda kwa sababu zinatusaidia kutenganisha mambo mawili yaliyochanganyika hapa kwetu: mabaya yanayokuja yenyewe, na mabaya yanayofanywa na watu.

Tuangalie mji wetu. Nyiragongo ilipasuka mwaka 1977, tena 2002, tena 2021. Mwaka 2002 moto wake ulipita katikati ya mji mpaka ziwani. Hakuna mutu aliyeutuma. Lakini vita iliyoingia Goma mwezi wa kwanza 2025 haikutoka chini ya udongo. Ile ni kazi ya watu: kuna waliopanga, kuna waliolipa, kuna waliobeba silaha. Kumbe sisi, kwa yote mawili, tuko na jibu moja tu: “Tutafanya je? Ni vile.” Hapo ndipo kuna hatari.

Hadithi hizi zinakataa jibu lile. Katika kitabu 1984 cha Mwingereza George Orwell, kilichotoka mwaka 1949, kazi ya Winston ni kugeuza magazeti ya zamani ili Chama kisionekane kwamba kilikosea. Tunaona namna uongo unavyotengenezwa ofisini, na watu wa kawaida wanaopokea mshahara. Kitabu chake kingine, cha 1945, Fortunatus Kawegere alikitia katika Kiswahili mwaka 1967: Shamba la Wanyama. Pale nguruwe hawaanzi na kuua. Wanaanza na kujiwekea maziwa, na wanyama wengine wananyamaza.

Tuko pia na wetu. Sony Labou Tansi alizaliwa mwaka 1947 Kimwenza, upande huu wa mto, halafu akawa mwandishi wa Kongo-Brazzaville. Kitabu chake La Vie et demie kilitoka mwaka 1979. Ndani yake Kiongozi anamukatakata Martial kwa kisu, lakini Martial anakataa kufa. Inchi ile haiko kwenye karata yoyote. Lakini wakati ule, hapa Zaïre, televisheni ilimuonyesha Mobutu akitokea mawinguni mbele ya habari. Nani hakuelewa?

Tena kuna The Hunger Games ya Mmarekani Suzanne Collins, ya mwaka 2008. Watu wa eneo la 12 wanachimba makaa ya mawe na kulala njaa, na mji mkuu unakula na kucheka. Mwanafunzi anayejua Rubaya, kule Masisi, kunakotoka koltani inayotumika katika simu za dunia, hahitaji maelezo mengi.

Wengine wanaogopa kwamba vitabu hivi vinaharibu imani. Lakini Biblia yenyewe haikutuficha. Danieli sura ya 3 inatuonyesha mfalme anayelazimisha watu wote kuinamia sanamu ya zahabu. Ufunuo inaeleza wakati ambapo mutu asiye na alama hataweza kununua wala kuuza. Kanisa halikuondoa sura hizo. Linazisoma na kuzifundisha.

Hatari iko pengine. Vingi vya vitabu hivi vinamupa kijana mumoja silaha, halafu peke yake anaokoa inchi yote. Ni uongo mtamu. Katika Kivu tumeona vijana wengi waliopewa bunduki na kuambiwa kwamba ni mashujaa. Kwa hiyo si vizuri tuachwe kusoma peke yetu, kwa kujificha, kwenye simu usiku.

Ombi langu kwa walimu wetu ni hili: musituondolee vitabu hivi. Tuvisome pamoja, hata saa moja tu kwa juma, katika somo la Kifaransa au la dini. Na kwa kila kitabu tujiulize maulizo matatu: nani alianza? Nani alinyamaza? Ni wakati gani watu walikuwa bado wanaweza kukataa? Ulizo la tatu ndilo kubwa, kwa sababu mulima hausikii mutu akiukatalia, lakini mutu mwenzetu anasikia.

Mwenye wazo lingine aliandike, tulisome katika namba ijayo.

Mwanafunzi wa mwaka wa sita, Himbi