Sentensi Iliyomgeuka Kijana Mwepesi Kujifunza

Jioni moja ya mwezi Aprili kijana wa jirani yangu alikuja barazani na karatasi mkononi. Akanipa shikamoo, nikamwitikia, lakini hakukaa. Barua ilikuwa ya kuomba kazi ya mapokezi katika hoteli moja hapa Tanga. Aliyemsaili aliuzungushia mstari mmoja wino mwekundu, akausoma kwa sauti mbele ya waombaji wenzake, wakacheka. Mstari wenyewe ulikuwa huu: "I am easy to learn and I am difficult to get angry."

Niliusoma moyo ukaniuma, kwa sababu nilimwelewa papo hapo. Alitaka kusema yeye ni mwepesi kujifunza na mgumu kukasirika. Ni sifa mbili njema, na kwa Kiswahili hazina kosa hata la herufi. Kwa Kiingereza nusu ya kwanza ilikuwa imemgeuza somo: watu ndio watakaojifunza yeye, bila taabu. Nusu ya pili haikuwa na maana yoyote.

Nimefundisha Kiingereza kwenye sekondari za kutwa kwa miaka 23, na sentensi za ukoo huo nimezikuta kila mwaka. "I am difficult to understand mathematics." "My brother is easy to forget." Kwa miaka mingi nilizikata kwa wino mwekundu, nikaandika jibu sahihi pembeni na kuendelea na daftari linalofuata. Mtoto aliondoka akijua kwamba amekosea, asijue kwa nini. Naandika haya kwa sababu sitaki mwalimu mwingine apoteze miaka hiyo.

Tuanze nyumbani. Mtoto mgumu kuelewa na somo gumu kuelewa: maneno ni yaleyale, lakini katika la kwanza mtoto ndiye anayeelewa, au anayeshindwa kuelewa, na katika la pili somo ndilo linaloeleweka. Kiswahili kinamwachia msikilizaji apambanue, naye hapati shida, maana anajua somo halina akili ya kuelewa kitu. Kiingereza hakimwachii msikilizaji kazi hiyo. Anayeamua ni kivumishi. Ukitumia "easy", "hard", "difficult" au "impossible" kisha kitenzi, uliyemtaja mwanzo wa sentensi ndiye anayetendwa. Ukitumia "quick", "slow", "eager" au "afraid", ndiye anayetenda. Mwepesi wetu mmoja ana makazi mawili huko ugenini, na mtoto asiyeambiwa hivyo atachagua la kwanza alilolikariri darasani, yaani "easy".

Lisionekane jambo dogo. Wanaisimu wameliumizia kichwa. Noam Chomsky wa Marekani alizipa umaarufu sentensi mbili katika miaka ya 1960: "John is eager to please" na "John is easy to please". Ukizitazama ni ndugu pacha. Katika ya kwanza John ana hamu ya kuwaridhisha wenzake, katika ya pili wenzake ndio wanaomridhisha yeye, tena kwa urahisi. Mkewe, Carol Chomsky, alichapisha mwaka 1969 utafiti wake juu ya watoto 40 wa miaka 5 hadi 10 ambao Kiingereza ni lugha waliyozaliwa nayo. Aliwawekea mwanasesere aliyefungwa kitambaa machoni, akauliza: huyu ni "easy to see" au "hard to see"? Mwanasesere alikuwa mbele yao kabisa. Wadogo wengi walijibu "hard to see", kwani walidhani mwenye kuona ni mwanasesere.

Nililijaribu hilo kwa wanafunzi wangu wa kidato cha kwanza, kwa mwanasesere wa binti yangu na leso. Darasa karibu zima likasema "hard". Ndipo nikawauliza kwa Kiswahili: huyu anaonekana kwa shida? Wakacheka, wakasema hapana mwalimu, anaonekana vizuri tu. Basi, nikawaambia, "easy to see" ni anaonekana kwa urahisi. Kimya kikaingia kidogo, kisha msichana mmoja wa nyuma akasema, "Kwa hiyo 'I am difficult to understand' ni mimi naeleweka kwa shida?" Ndiyo, mwanangu. Ni hivyo hasa. Sikuwa nimeisikia sheria hiyo ikielezwa vizuri kuliko alivyoieleza yeye.

Alichokishika ni kauli ya kutendeka, ile -ka tunayoitumia kutwa bila kuifikiria. Barabara haipitiki. Mzee yule haambiliki. Mwandiko wa daktari hausomeki. Waingereza hawana kiungo hicho ndani ya kitenzi chao, ndiyo maana mara nyingi huunganisha kivumishi na kitenzi: njia ni "impossible to pass", mzee ni "impossible to advise", mwandiko ni "hard to read". Tangu siku ile nawapa wanafunzi kipimo kimoja. Kabla hujaandika "easy" au "difficult", igeuze sentensi yako kwa -ka. Ikikubali na maana ikabaki ileile uliyoitaka, andika. Ikikugeuka, tafuta "quick" au "slow".

Kipimo hicho kinafika hata kwenye "too", inayowaangusha wengi kwenye maswali ya mtihani ya kuandika sentensi upya. "The tea is too hot to drink." Mwanafunzi anaitafsiri kuwa chai ni moto sana, ya kunywa, anaona ni habari njema. Mitaani kwetu "too" imeshakuwa sana: "Mama, you are too kind." Hakuna neno la kukanusha analoliona, lakini kanusho limo. Mwambie chai hainyweki, yote yanakaa sawa kwa mara moja. Hata lile kosa la kuongeza "it" mwishoni, "too hot to drink it", linaondoka lenyewe, maana chai imeshatajwa mwanzo wa sentensi na hainyweki hailazimishi kuitaja tena.

Yapo machache ambayo -ka haiyafikii. "The chicken is ready to eat" yaweza kuwa kuku yuko tayari kula mtama, au kuku yuko tayari kuliwa na wageni. Hapo Mwingereza mwenyewe hutazama kama kuku yuko bandani au mezani.

Sasa niseme linalonikera. Katika shule nyingi mwalimu wa Kiingereza anaambiwa asitoe neno la Kiswahili darasani. Nimeona mtoto akivishwa ubao shingoni kutwa nzima kwa kumwomba mwenzake rula kwa Kiswahili. Mtoto huyohuyo amesoma msingi yote kwa Kiswahili, akaingia kidato cha kwanza akakuta karibu kila kitabu kimegeuka cha Kiingereza. Mizani pekee aliyo nayo ya kupimia sentensi ngeni ni lugha anayoijua, nasi tunamnyang'anya mlangoni.

Wapo wenzangu wanaosema Kiswahili kikiruhusiwa kitameza kipindi. Hofu hiyo naielewa, nimeona vipindi vikimezwa. Mtoto anahitaji kusikia Kiingereza kingi, kukisoma na kukisema, na sehemu kubwa ya dakika 40 iwe ya hilo. Lakini dakika tano za naeleweka kwa shida ziliniokolea wiki za wino mwekundu. Ninachoomba ni kwamba waandishi wa vitabu vya kiada waweke sura za kulinganisha lugha hizi mbili waziwazi, vivumishi hivi vikiwa mwanzo, na mthibiti ubora anapoingia darasani akamkuta mwalimu anasema hainyweki, asiandike kwamba mwalimu hajui kazi yake.

Yule kijana nilimkalisha nikampitisha njia hiyohiyo. Alipofika kwenye mstari wake akautazama muda mrefu. "Kwa hiyo walinisoma kwamba mimi najifunzika," akasema, polepole. Akaomba kalamu. Akaandika nyuma ya ile barua: "I am quick to learn and slow to get angry." Kisha akaigeuza karatasi na kunionyesha mstari wa chini, ambao haukuwa na wino mwekundu: "I am ready to work at night." Akauliza kama nao aubadilishe. Nikamwambia huo auache, ulikuwa sahihi tangu mwanzo.