Kabalagala Ziletwe Mbele ya Mgeni



Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu nitoe maoni yangu juu ya chakula ambacho sote twakila, lakini wengi twaona haya kukionyesha. Chakula hicho ni kabalagala.

Mgeni apigapo hodi katika nyumba nyingi za hapa Nakaloke, mtoto hutumwa mbio dukani kuleta biskuti na soda, mara nyingine kwa kukopa. Huku nyuma jikoni mna kabalagala za moto zilizotoka karaini sasa hivi. Hizo hufunikwa zisionekane, mpaka mgeni aende zake. Nauliza, ni heshima gani kumficha mgeni kilicho bora, na kumpa kilicho hafifu kwa sababu tu kimefungwa katika karatasi ya rangi?

Asiyejua kazi yake huona ni kitu rahisi. Huchukuliwa ndizi ndogo zilizoiva sana, zile ziitwazo sukali ndizi, zikamenywa na kupondwapondwa. Kisha hutiwa unga wa muhogo kidogo kidogo na kukandwa bila maji, kwa kuwa maji yamo ndani ya ndizi zenyewe. Unga ukizidi, zitakuwa ngumu kama kigae. Ukipungua, zitakunywa mafuta. Donge husukumwa, likakatwa duara kwa mdomo wa bilauri, likakaangwa. Sukari haihitajiwi hata kijiko kimoja. Ndizi hustawi miteremkoni mwa Mlima Elgon, tuuitao Masaba, na muhogo hulimwa kwa wingi Teso, mwisho wa barabara hii hii ipitayo Nakaloke kwenda Kumi na Soroti. Ngano ya biskuti, kwa sehemu kubwa, Uganda huinunua nchi za nje.

Wako wasemao kwamba vitu vya kukaangwa ni vya kando ya barabara, si vya sebuleni. Hao na watazame China. Huko Waislamu wa makabila ya Wahui na Wauighuri wana kitu kiitwacho sanzi. Unga wa ngano huvutwa ukawa nyuzi nyembamba, zikasokotwa na kukaangwa katika mafuta. Siku ya Idi hupangwa mezani kama mnara mdogo, na mgeni aingiaye humega na kunywa chai. Nchi ile haina upungufu wa viwanda vya biskuti, lakini sanzi haikuondolewa mezani.

Nakubali kwamba baadhi ya kabalagala za barabarani hukaangwa katika mafuta yaliyotumika mpaka yakawa meusi kama wino. Hizo mimi pia simpi mgeni. Lakini kosa hilo ni la mafuta.

Jambo liniumizalo zaidi liko hapa shuleni. Siku ya kutembelewa, nimeona wavulana wakificha chini ya shati kifurushi walicholetewa na mama zao, wenzao wasije wakacheka. Na katika mama hao wako waamkao alfajiri kukaanga kabalagala za kuuza, na fedha hizo ndizo karo ya huyo afichaye.

Kwa hiyo naomba kwamba Siku ya Wazazi ijayo, wageni wa meza kuu wapewe kabalagala pamoja na chai, nazo zinunuliwe kwa mama hao hao kwa bei halali. Mwalimu Mkuu akikubali, mimi niko tayari kubeba sinia.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita