Kabla Gari Lijalo Halijavuka Kobero

Ndugu zangu wa Gasorwe, wa Muyinga mjini, wa Karuzi na wa Gitega, maneno haya nayaelekeza kwanza kwa yule ambaye ameshaanza kuweka akiba ya gari. Mnamjua. Ana kahawa kidogo kilimani, au duka la vitenge, au mtoto aliyeko Ulaya anayemtumia chochote apatacho, na usiku hulala na simu mkononi akiangalia magari ya Japani yaliyotumika. Siku hizi mengi ya magari hayo ni haibridi, yenye injini ya esansi na mota ya umeme kwa pamoja. Anajiuliza anunue au aache. Mimi namwambia anunue, ila asinunue peke yake.

Mrundi hana haja ya kuhubiriwa habari ya kubana mafuta. Mafuta yetu hutoka baharini, mengi kupitia Dar es Salaam, yakapanda malori hadi mpakani, kama pale Kobero, na hulipiwa kwa fedha za kigeni ambazo nchi haina za kutosha. Matokeo yake tumeyaona miaka hii: magari yaliyolala kituoni, bidoni za magendo zenye bei ya kutisha, nauli inayopanda kabla jua halijapanda. Mgonjwa wa kupelekwa hospitali ya Muyinga hasubiri lori la mafuta lifike.

Basi gari linalokwenda mbali kwa lita ileile ni jambo la kuangaliwa kwa makini. Toyota ilianza kuuza Prius nchini Japani Desemba 1997, na tangu hapo ufundi wenyewe haukubadilika sana. Injini ndogo ya esansi na mota ya umeme husaidiana kuzungusha magurudumu. Ukikanyaga breki au ukiachia mteremko, mota hugeuka kuwa jenereta: nguvu ambayo gari la kawaida huipoteza kama joto kwenye breki hurudi kwenye betri. Wakati wa kuondoka, au wa kwenda polepole sokoni, betri hiyo ndiyo inayosukuma gari huku injini imezima. Na halichomekwi popote. Hilo kwetu ni kubwa, kwa sababu Mrundi mwenye umeme nyumbani ni kama mmoja kati ya kumi. Gari la umeme mtupu lingemtaka mtu wa Gasorwe awe na kile ambacho jirani zake wengi hawana. Haibridi inamtaka awe na esansi tu, tena kidogo.

Kidogo kiasi gani? Toyota Aqua ilipotoka Desemba 2011 ilitangazwa kwa kilomita 35.4 kwa lita. Hesabu hiyo ni ya maabara ya Japani, msiiamini. Barabarani, kwa dereva mtulivu, tarajia 20 au zaidi kidogo. Lakini Probox ya kawaida, inayobeba nusu ya abiria wa nchi hii pamoja na ndizi zao, hupata 12 hadi 15. Tofauti hiyo kwa mwenye teksi ndiyo ada ya shule ya mtoto.

Na milima yetu inasaidia. Kwenye barabara ndefu iliyonyooka na mwendo mmoja, haibridi haina ajabu kubwa. Kwetu kila kupanda kuna kushuka kwake, na kila kushuka kunarudisha kitu. Ila mteremko wa Bugarama kwenda Bujumbura ni habari nyingine. Pale unashuka zaidi ya mita elfu moja, na betri hujaa kabla hujafika chini. Ikijaa haipokei tena, na breki zinabaki peke yake. Kwenye gia kuna herufi B, ambayo huifanya injini izuie mwendo. Dereva asiyeijua herufi hiyo asipewe ufunguo wa kushukia Bujumbura, hata awe mkongwe vipi.

Hapa ndipo ninapoanza kuwa na wasiwasi, kwa sababu magari haya yanatufikia bila mtu wa kutufundisha. Tumezoea kusukuma gari lisilowaka. Haibridi haiwaki kwa kusukumwa, msijichoshe. Tumezoea kuvuta gari bovu kwa kamba mpaka gereji. Magurudumu ya mbele yakizunguka chini, mota nayo inazunguka na kuzalisha umeme, jambo la hatari kwa gari na kwa watu. Likiharibika, libebwe au magurudumu hayo yainuliwe. Tumezoea pia kuendesha mpaka tone la mwisho tukitumaini kituo kijacho. Esansi ikiisha, betri itakupeleka mwendo mfupi, kisha gari litasimama, na betri iliyokamuliwa hivyo huumia. Anayenunua haibridi akidhani kituo kikikauka yeye ataendelea kwa umeme, amedanganywa.

Halafu kuna vumbi. Betri kubwa ya Aqua imelala chini ya kiti cha nyuma, na hupozwa na hewa ya ndani ya gari, inayovutwa na feni kupitia tundu lililo karibu na kiti hichohicho. Sasa fikirini safari ya siku ya soko: madirisha wazi, vumbi jekundu, gunia la maharage limesukumwa mpaka limeziba tundu, na kuku juu yake. Feni inameza manyoya na vumbi, betri inachemka, na baada ya miezi taa ya onyo inawaka. Mwenye gari analaani Wajapani. Kumbe dawa ilikuwa kusafisha kichujio na kuacha tundu lipumue, kazi ambayo kijana yeyote mwenye brashi anaiweza akionyeshwa mara moja.

Kinachohitaji zaidi ya brashi ni umeme wenyewe. Betri ya Aqua ina volti 144 na ile ya Prius nyingi ina zaidi ya 200, na kabla ya kufika kwenye mota umeme huo hupandishwa mpaka volti 500 au zaidi. Unapita kwenye nyaya nene za rangi ya chungwa. Fundi aliyezoea betri ya volti 12 akizishika kwa mazoea, anaweza asirudi nyumbani. Kuna plagi ya usalama ya kuchomoa kwanza, kuna dakika za kusubiri, kuna glovu za mpira maalumu. Naomba wenye gereji wa Muyinga na Gitega walisikie hili kwa masikio mawili: kama hamjafunzwa, kubadilisha oili na breki sawa, nyaya za chungwa acheni.

Ndiyo maana nasema asinunue mtu peke yake. Vikundi vya kuweka na kukopeshana tunavyo kila kilima. Wenye magari ya abiria, kaeni na mafundi wenu muanzishe mfuko mmoja wa kazi hii: mafundi wawili waende Kigali, Kampala au Dar es Salaam, ambako magari haya yamezoeleka, wakae gerejini na mwenye ujuzi mpaka wajue, na inunuliwe mashine moja ya kusomea betri, iwe ya wote. Msiwasahau vijana wa Kikongo waliokulia katika kambi ya wakimbizi ya Gasorwe. Wapo wenye mikono mizuri ya ufundi, na Kiswahili tunachozungumza nao ni kimoja. Shule za ufundi nazo, hata bila gari zima, mota moja na betri moja iliyokufa vingetosha kuanzia somo.

Kwa wakubwa wetu nina ombi la heshima. Tangu Gitega iwe mji mkuu wa kisiasa mwaka 2019, magari ya ofisi hayaachi kwenda na kurudi kati ya huko na Bujumbura. Mengi ni makubwa na yanakunywa vibaya. Ofisi zinaponunua mengine, yawe haibridi, na mkataba wa ununuzi udai mafunzo kwa mafundi wa hapa. Serikali inaweza kubeba gharama ya kujifunza ambayo mwenye duka la vitenge haiwezi. Tena iseme betri chakavu zitapelekwa wapi, maana leo jibu ni kwamba zitatupwa bondeni, juu ya maji tunayoyanywa.

Sisemi haibridi ndiyo mwisho wa safari. Bwawa la Rusumo la megawati 80 tunagawana na Rwanda na Tanzania, na laini yake inakuja mpaka Gitega. Huko Mubuga, jua linatoa megawati 7.5 tangu 2021. Siku umeme huo utakapofika kwenye vilima vyetu, watoto watanunua magari yasiyojua esansi. Mafundi tutakaowafunza leo ndio watakaoyatengeneza hayo pia.

Basi wewe unayeangalia simu usiku, kabla hujatuma hata franga moja, mwombe muuzaji karatasi ya mnada ya Japani, yenye kilomita na hali ya gari. Mwombe video ya mashine ikisoma hali ya betri, si maneno. Muulize kama betri iliwahi kubadilishwa, na kama ni nzima au imeungwaungwa kwa seli moja mpya kati ya zile zilizochoka, kwa sababu ya namna hiyo haidumu. Gari la 2012 lenye betri yake ya kwanza lihesabie bei ya betri nyingine tangu sasa, na usipoweza kuilipa, liache. Majibu ukiyapata, mwonyeshe fundi wako kabla ya kumwonyesha shemeji.