Jakande na Madarasa ya Haraka

Lateef Jakande, gavana wa kwanza wa kiraia wa Jimbo la Lagos nchini Nigeria, aliyeongoza kuanzia Oktoba 1979 hadi mapinduzi ya kijeshi ya Desemba 1983, husifiwa zaidi kwa kutojikweza, kwa kuwa aliendelea kuishi katika nyumba yake ya Ilupeju na kutumia gari lake mwenyewe. Sifa hiyo ni ya haki, ila inafunika kipaji chake kikubwa zaidi, nacho ni kutambua kwamba muhula wa gavana ni mfupi na kwamba kisichokamilika ndani yake huenda kisikamilike kamwe.

Alipoapishwa, mwanahabari huyu, ambaye kabla ya hapo alikuwa mhariri wa gazeti la Nigerian Tribune na alifungwa pamoja na kiongozi wake wa kisiasa Obafemi Awolowo katika kesi ya uhaini ya miaka ya 1960, alikuta shule za umma za Lagos zikiendeshwa kwa zamu, yaani kundi moja la wanafunzi likisoma asubuhi na jingine likiingia mchana katika madarasa yale yale, hivi kwamba hakuna mtoto aliyepata siku kamili ya masomo. Jakande alifuta karo, akajenga madarasa kwa wingi na kwa haraka, na zamu zikakoma. Yalikuwa majengo marefu, ya chini, yasiyo na madoido yoyote, na wapinzani waliyabeza kuwa mabanda ya kuku. Kejeli hiyo, kwa bahati mbaya, ilitoka kwa watu ambao watoto wao hawakuwa wakisubiri zamu ya mchana.

Reli ya mjini aliyoipanga, ambayo haikuweza kuharakishwa namna hiyo, ndiyo iliyoponzwa na muda. Ujenzi ulizinduliwa mwaka 1983, serikali ya kijeshi ya Muhammadu Buhari ikauvunja mkataba, na jimbo likabaki na hasara. Abiria wa kawaida walianza kusafiri kwa treni ya mjini kati ya Marina na Mile 2 mnamo Septemba 2023, miaka miwili baada ya Jakande kufariki.

Sifa hizo haziondoi lawama moja: mwaka 1993, baada ya ushindi wa Moshood Abiola katika uchaguzi wa rais kubatilishwa, kisha Jenerali Sani Abacha kutwaa madaraka, Jakande alikubali kuwa waziri wa ujenzi na nyumba katika serikali ya jenerali huyo. Watetezi wake husema kwamba Abiola mwenyewe aliafiki hatua hiyo kwa matumaini ya kukabidhiwa nchi. Hata utetezi huo ukikubaliwa wote, unaeleza tu kuingia kwake serikalini, hauelezi kwa nini aliendelea kukalia kiti hicho baada ya Abiola kukamatwa Juni 1994.